Chanda Chema

...na hiyo pini inakuja tu, nyota ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, imebanwa kwenye vidole vya meneja Hemali, kinyaa kitupu, na Makena amesimama mbele ya wenzake kama mbuzi anayevishwa kengele, makofi, jamani, makofi kwa mhudumu bora wa mwezi katika makao yetu ya wazee, anasema Hemali, wazee wake wote huwa wameshaoga na kuvaa kabla ya chai... wameoga, ndiyo, wameng'olewa vitandani usingizi ukiwa bado machoni, na mikono iliyowang'oa ni yake, chanda chema huvikwa pete, anasema Hemali, methali ya babake mwenye duka huko Kisumu, haimtoki mdomoni, na kule nyuma, karibu na birika, Emérence naye anapiga makofi, Emérence aliyenyang'anywa zamu za wikendi, zile zenye malipo mazuri, kwa kosa la kuchelewesha chai, kosa! alikuwa amekaa na Mzee Gurmit aliyekuwa akikata roho, mutu hawezi kufa peke yake, madame, ndivyo alivyojitetea, na Hemali akasema anayefanya vizuri apewe, anayeharibu akione... Mzee Gurmit, mzaliwa wa Nakuru, fundi wa malori enzi zake, kila asubuhi habari ya leo, mama, Kiswahili kitamu humu humu Barking, ughaibuni, na siku ile aliyemshika mkono kwanza hakuwa Emérence, alikuwa Makena, mzee akamwita, kaa kidogo, mama, naye akajibu narudi sasa hivi, baba, akijua harudi, vyumba vingine vilikuwa vinamngoja na nyota ilikuwa inanukia, chanda chema, phu, chanda hikihiki kilichojichomoa mkononi mwa mzee, mate yanamchachia mdomoni... na uchafu huu kaubeba mpaka nyumbani, kabandika karatasi ya nyota kwenye friji, ukiosha vyombo nyota, ukisali nyota, hadi juzi bintiye Keren kamaliza kumwamkia nyanya yake wa Meru kwenye simu, kageuka, na kwa Kiingereza chake kauliza, hiyo nayo nitapewa nyota?, na nyanya bado yuko kwenye laini... tabasamu, Makena, tupige picha, anasema Hemali, pini haijagusa kitambaa bado, makofi bado yanalia, na Makena, aliyekuwa amepanga maneno ya shukrani tangu jana, anayatafuta na kuyakuta yameoza yote, limebaki neno moja tu la kumwambia huyu mwanamke mbele ya watu, nalo limeshafika kwenye ulimi: aliniita mimi kwanza.