Mnyororo wa Dirishani

Alasiri, Mwanamkasi aliubana mnyororo wa chensoo kwenye ubao, akawa anaunoa jino moja moja kwa tupa ya duara, akisukuma mbele tu. Alikuwa kwenye eda ya mumewe, hatoki, wala haonani na wanaume. Kazi ilimfuata nyumbani. Sabiri, mdogo wa marehemu, huupitisha mnyororo dirishani, akasema naye nje ya pazia.

"Shemeji, tajiri kasema vile vinundu uvishushe."

Mbele ya kila jino pana kinundu, hulizuia lisiume mno. Kikishushwa, mti huanguka upesi, ila mashine huweza kumrukia aliyeishika. Mumewe Uweso ilimrukia hivyo kwenye mitiki ya Maramba. Tajiri, mwenye mashine, alileta ubani, akasema marehemu alikuwa mzembe.

"Mwambie sishushi."

"Nilimwambia. Kasema basi atavishusha mwenyewe, kama leo."

"Usiende, Sabiri."

"Tule nini, shemeji? Tupa?"

Alicheka, akaondoka.

Kabla ya magharibi Uweso alikuja kama kawaida yake, sanda kaitupia begani, akaketi mkekani. Binti yao Nasma alimpanda mapajani na kipande chake cha muhogo. Mwanamkasi akammiminia chai. Uweso alipitisha kidole gumba juu ya mnyororo, na kila kinundu alichokigusa kikaota upya, kama jino la mtoto, hadi kimo chake.

"Leo tajiri kavila sana," alisema.

"Nimeona."

Asubuhi Sabiri aliuchukua ukiwa mzima, tajiri akavishusha vinundu. Jioni ukarudi, Uweso akaviotesha. Siku zikaenda hivyo. Tajiri hakulalamika ila kwamba tupa zake zinakwisha haraka.

Alhamisi moja Sabiri hakuja dirishani. Aliingia mlangoni bila hodi, akalipita pazia, akaketi kando ya kaka yake. Mwanamkasi alinyoosha mkono kuuchukua mtandio, kisha akauacha ulipo.

"Karibu, shemeji."

"Ahsante. Tajiri anasema nilikuwa mzembe."

Uweso alisogea kumpa nafasi. Mwanamkasi akaleta kikombe cha pili, akazidisha sukari, maana Sabiri alipenda chai tamu. Nasma akamkatia baba yake mdogo muhogo.

Hawajamaliza kunywa, hodi ikabishwa dirishani. Sauti ya mwanamume asiyemjua.

"Dada, nimeleta mnyororo. Tajiri kasema vinundu uvishushe."

Mwanamkasi akajitanda mtandio vizuri, akaupokea.