Shuka la Bwana Harusi

Alidhani ni kifungo. Gauni za wagonjwa zilikuwa zikifika mezani kwake zimepukutika vifungo, naye alikuwa na mazoea ya kuviokota na kuvitia kwenye mfuko wa kifuani wa koti lake la kazi, ili akimaliza kupiga pasi avishone. Kwa hiyo alipoinama kunyoosha shuka, ukingo wa meza ukamgusa upande wa kushoto na kitu kigumu kikambana, hakushtuka. Alitoa vifungo vyote mfukoni, akavimwaga ndani ya kikombe. Akainama tena. Kitu kilikuwa palepale.

Safari hii aliisahau pasi juu ya shuka, akageukia ukutani, akapitisha mkono ndani ya blauzi. Kilikuwa ndani ya nyama yenyewe, karibu na kwapa. Alikibonyeza akitaka kimuume, maana kinachouma angalau mtu unajua ni adui, lakini hakikuuma hata kidogo.

"Mama Pasi, unachoma shuka!"

Aliyepiga kelele ni Shangazi wa mashine za kufulia. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Umri na ulimi wake ndivyo vilivyompa jina. Alikuja akiwa na matusi yake tayari, akamwona mwenzake alivyosimama, akayameza. Alifuta povu mikononi kwa aproni, akapapasa pale alipoonyeshwa. Mzaha ukamtoka usoni.

"Kimeanza lini hiki?"

"Ndiyo kwanza nakiona."

"Kesho nenda kwa daktari."

"Nitaendaje, Shangazi?"

"Utaendaje? Umo hospitalini, mwenzangu! Ukiutoboa ukuta huu unadondokea mapajani mwa daktari."

Ni kweli, ulikuwa ukuta mmoja tu. Lakini wafuaji hawakuwa watu wa hospitali. Walikuwa wa kampuni iliyopewa kazi ya kufua, wakiingia kwa geti la nyuma, lile la magari ya taka, na walikuwa wameambiwa wasionekane kwenye korido ila wanaposukuma toroli la shuka. Damu, usaha na matapishi ya hospitali nzima vilipita mikononi mwao, wao wenyewe wasipite mlangoni.

Msimamizi wao walimwita "bosi" mbele yake na "Bwana Saa" nyuma yake, kwa jinsi alivyoitazama saa yake kila mtu alipofungua mdomo. Mama Pasi alipiga moyo konde, akamfuata.

"Bosi, naomba ruhusa niende kliniki ya humu ndani."

"Una nini?"

Kumtajia ziwa lake mwanaume yule ilikuwa kama kumvulia nguo. "Kifua," alisema. "Nina uvimbe."

"Unauma?"

"Hauumi."

"Hauumi, unatafuta nini kwa daktari?" Bwana Saa akaitazama saa. "Nenda siku yako ya mapumziko."

"Siku yangu ya mapumziko kliniki imefungwa, bosi."

"Hilo kawaulize wao. Mimi kazi yangu kufua."

Hakuwa amefua hata leso yake maishani.

Tangu hapo Mama Pasi hakukalika, hakulalika. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe: akichota maji, akimenya viazi, akizungumza na jirani, mkono uko kwapani unatafuta. Alikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Alikuwa na dada, mkubwa kwake, aliyekuwa na kitu kama kile. Dada alikificha chini ya nguo mpaka kikajitangaza chenyewe kwa harufu, na Mama Pasi ndiye aliyekuwa akimwosha, akipumulia mdomo ili dada asione anaziba pua. Hakutaka kufa vile. Hakutaka kufa kabisa, na jambo hilo lilimshangaza, maana alikuwa amezoea kusema amechoka na dunia.

Alfajiri moja mumewe, fundi baiskeli, alimuuliza mbona kitanda kizima kinatikisika. Akamwambia. Akaushika mkono wake mweusi wa grisi, akauweka pale. Mwanaume aliuondoa upesi.

"Labda maziwa yameganda."

"Mwanao wa mwisho ana ndevu. Maziwa ya nani?"

Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akizitazama kandambili zake. "Nenda," alisema. "Wakikufukuza tutajua la kufanya." Wote wawili walijua kuwa hawajui.

Asubuhi hiyo Mama Pasi alijaza toroli shuka safi, akalisukuma kuelekea kliniki ya wanawake. Wanawake walikuwa wamejazana kwenye mabenchi, wamekumbatia mikoba yao. Kabla hajafungua mdomo, Sista wa kliniki alimdaka.

"Afadhali mmekuja! Foronya ziko wapi?"

"Sista, mimi nimekuja kumwona..."

"Foronya, mama, foronya! Nilaze watu juu ya mpira mtupu?"

Akarudi kuleta foronya. Alipozileta, akatumwa mapazia. Alipoyaleta mapazia alijifungia chooni, akavua koti la kazi, akalisukumiza chini ya toroli, akaenda kukaa benchi la mwisho kama watu. Alipoitwa ndani Sista alimkazia macho.

"Si wewe wa shuka?"

"Ndiye. Na maziwa pia ninayo."

Benchi zima likaangua kicheko, na Sista, kwa aibu au kwa uchovu, akampisha.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya usingizi. Mikono yake ilikuwa ya baridi, akaomba radhi kwa hilo, na Mama Pasi akampenda kwa hilo tu. Alipapasa kwa utaratibu, akazunguka, akarudi palepale, akakaa hapo.

"Sikudanganyi, mama. Huu si uvimbe wa kukaa nao."

"Ndiyo ile yenyewe?"

"Kwa mkono hakuna anayejua. Upigwe picha kwanza, halafu tuingize sindano tutoe kipande, kikapimwe. Bila picha nitakuwa nachoma gizani."

"Na hiyo mashine ya picha, hapa ipo?"

Daktari aliangalia dirishani. "Ipo," alisema.

Sista, aliyekuwa akipanga mikasi, akadakia kwa furaha: "Tena kwa kuwa ni wewe, njoo uchukue na shuka lake. Leo ndiyo siku yake ya kufuliwa." Akafungua mlango wa chumba cha pili kwa ufunguo.

Mama Pasi aliliona shuka kabla hajaiona mashine, akasimama.

Wafuaji wote walilijua. Lilikuwa shuka jeupe, kubwa, lenye vikamba vinne vya kufungia, halina namba ya wodi. Lilikuwa likija kila wiki bila tone la damu, bila jasho, vumbi tu. Walikuwa wamelipa jina: Shuka la Bwana Harusi. Likifika tu Shangazi alilirusha hewani akipiga vigelegele, "Jamani huyu bwana harusi, harusi yake lini? Kila wiki anaoga, bibi harusi haji!" Wakacheka mpaka mbavu ziume. Mama Pasi alikuwa akilipiga pasi mwishoni, kama kujipongeza, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa halinuki ugonjwa. Kiraka kile cha pembeni alikuwa amekishona yeye.

Sista akalifungua, akalivuta. Chini yake palikuwa na mashine ndefu, nyeupe, nailoni za kiwandani zikiwa bado zimeishika, na utepe mwekundu umefungwa kiunoni mwake.

"Ni mbovu?" Mama Pasi aliuliza.

"Mbovu? Mpya, nzima kabisa!" Sista akaipapasa kwa fahari. "Inamngoja mgeni rasmi. Haijazinduliwa."

"Mgeni rasmi naye ana uvimbe?"

"Anakata utepe, mama. Haiguswi kabla ya utepe."

"Na ikiguswa?"

Aliyejibu ni daktari, mlangoni. "Mwenzangu mmoja aliuliza hivyo kikaoni. Amehamishwa."

"Basi utepe unakatwa lini?"

"Watatangaza."

"Daktari, mimi si wa kwanza kukaa benchi lile. Wale wengine unawaambiaje?"

Daktari alimwambia kuna hospitali nyingine, ya kulipia. Mama Pasi akamtazama tu, amelikumbatia shuka kifuani, mpaka daktari mwenyewe akainamisha kichwa.

Aliporudi chumba cha kufulia alilitupa shuka mezani, akawaeleza wenzake linafunika nini. Hapakuwa na kigelegele siku ile. Shangazi alilichukua, akalitia kwenye mashine pamoja na shuka za wodi ya majeruhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja.

Wiki zikaendelea, na Bwana Harusi akaendelea kuoga. Kila lilipofika mezani Mama Pasi alijiapiza kuliacha na mikunjo, na kila mara mikono ikalinyoosha. Kitu kifuani kilikuwa kimeota vizuri. Sasa hakuhitaji kukitafuta. Ngozi ya juu yake ilikuwa imeanza kuvutika ndani kama kitambaa kilichoshikwa na uzi uliokazwa mno. Aliacha kutia vifungo kwenye mfuko ule.

"Jikaze kisabuni," Shangazi alikuwa akimwambia, na baadaye akaacha kumwambia hata hilo, akawa anamsaidia tu kunyanyua mafurushi.

Halafu siku ya utepe ikatangazwa. Hospitali nzima ikawa mguu juu: kuta zikapakwa rangi, mawe ya bustani yakapakwa chokaa, hata geti la taka likapigwa deki. Sista alikuja mwenyewe chumba cha kufulia, jambo la ajabu, akaagiza shuka litiwe wanga lisimame kama karatasi. Akamvuta Mama Pasi pembeni.

"Kesho yake asubuhi uwe wa kwanza. Nimekwisha mwambia daktari."

Mama Pasi alilipiga pasi shuka lile huku machozi yakimdondoka, na kila tone lilipoanguka pasi ikalikausha kwa mlio mdogo. Alilinyoosha kwa mapenzi, mpaka vikamba. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu kuolewa.

Siku yenyewe, Bwana Saa aliwafungia wafuaji ndani. "Mgeni asione makoti haya," alisema. Wakakaa juu ya mafurushi wakisikiliza ving'ora, bendi, hotuba ndefu, makofi. Yalipolipuka makofi makubwa kuliko yote, Shangazi alisimama.

"Haya, ndoa imefungwa!" Akapiga kigelegele, na wote wakakipokea, na Mama Pasi akacheka mpaka akashika ubavu.

Kesho yake hakuomba ruhusa. Alivaa gauni lake zuri, akaingia kwa geti la mbele, akawa wa kwanza benchini. Sista alipomwona alianza kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo.

"Ile mashine," alisema hatimaye, "ina mtaalamu wake wa kuiendesha. Alikuja na msafara wa mgeni, kuonyesha."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka nao."

"Atarudi?"

"Nafasi yake itatangazwa."

Daktari alikuwa amesimama ndani ya chumba chake, mlango wazi, uso ameuelekeza ukutani. Hakugeuka. Sista akamtupia Mama Pasi furushi mapajani.

"Samahani, mama, najua. Lakini lifue hili upesi. Mkurugenzi anapita mchana, na mashine haitakiwi kushika vumbi."

Lilikuwa shuka la Bwana Harusi. Safari hii lilikuwa na doa: duara jekundu la soda, na lingine, na makombo ya keki yaliyoganda kwa malai yake nyeupe. Wenye sherehe walikuwa wamelitandika kwenye meza ya vinywaji.

Shangazi alilisugua kwa mikono mpaka vidole vikamchubuka. Malai ilitoka. Doa moja la soda likabaki, hafifu, katikati. Bwana Saa alikuja, akalitazama doa, akaitazama saa, akamtazama Mama Pasi na gauni lake zuri.

"Umechelewa kazini," alisema. "Na hilo doa lisionekane."

Akavaa koti juu ya gauni. Akalipiga pasi. Kila alipoinama ukingo wa meza ulimgusa palepale, na sasa paliuma.

Alilikunja doa likae ndani, akalipeleka. Chumba cha pili kilikuwa wazi. Mashine ilikuwa imevuliwa nailoni, inang'aa, na kipande cha utepe mwekundu bado kinaning'inia.

"Livishe wewe mwenyewe," Sista alisema kutoka mlangoni. "Mimi vikamba vyake hunishinda."

Alilirusha shuka juu ya mashine, akafunga vya mbele. Vya nyuma vilikuwa mbali, na mkono wake wa kushoto siku hizi haunyanyuki vizuri, ikambidi aegemee mbele, aikumbatie mashine. Sahani yake ndogo, ile ya kuwekea ziwa, ilikuwa usawa wa kifua chake. Ziwa la kushoto likakaa juu yake, sawasawa, kana kwamba limewekwa na mtaalamu. Sahani ilikuwa ya baridi. Akabaki hivyo, mikono nyuma ya mashine, bila kupumua, kama watu wanavyoambiwa wafanye wanapopigwa picha.

"Bado tu?" Sista aliuliza.

"Namalizia," alisema, akavifunga vikamba vya nyuma.