Jina Langu Si Pepo

Norman, mwanangu wa pekee, aliponipigia simu kunieleza kwamba mtoto wake hataitwa Wangui, nilidhani ananitania. Kwetu sisi Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Wangui ni mimi. Nimemngoja huyo mtoto tangu Norman aoe.

"Mama, Mtume amesema majina ya ukoo yanabeba mapepo," akasema. "Jumapili atampa jingine."

"Mtume gani?"

"Mtume Waweru."

Ala! Waweru wa hapa hapa Waithaka, mtoto wa jirani, niliyempangusa kamasi kwa leso yangu! Mwaka jana alikuwa pasta. Kisha mwenzake akammiminia mafuta kwenye ukumbi wa hoteli kule Hurlingham, wakapiga picha, akatoka huko mtume. Ati mimi pepo, na anayesema hivyo nimemlisha githeri!

Jumapili nikajifunga kitambaa changu cha kanisa, nikashuka mjini. Kanisa lao liko ghorofani, juu ya duka la simu. Nilikuta Norman na mkewe Debra wamesimama jukwaani, macho ya Debra yamevimba kwa kulia. Waweru alikuwa amempakata mjukuu wangu, chupa ya mafuta iko tayari.

Sikuketi.

"Waweru! Kabla hujampaka huyo mtoto kitu, niambie nani alikufanya mtume?"

Wahudumu wakaja mbio. Nikawaambia anayetaka kunishika ajaribu aone.

"Yuda alipokufa," nikasema, "mitume walitafuta mtu aliyetembea na Bwana tangu ubatizo wa Yohana, aliyeshuhudia kufufuka kwake. Wewe ulimwona wapi? Hurlingham?"

Watu wakacheka chinichini. Waweru hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Paulo naye hakutembea naye, Mama Norman," akasema kwenye maikrofoni kwa sauti tamu. "Bwana alimtokea, na mimi amenitokea. Tena mitume walimpa Yusufu jina jipya, wakamwita Barnaba. Soma Matendo."

Nikakwama. Kweli imeandikwa. Jibu lilinijia nilipokuwa nimesharudi nyumbani: Barnaba alikuwa mtu mzima, alikuwa na mdomo wa kukataa. Lakini pale nilikuwa na hasira tu. Ndipo nikamwona mama yake Waweru, ameketi kiti cha mbele kabisa.

"Mama Waweru," nikamwambia, "mimi na wewe tumeteka maji pamoja. Huyu mwanao, ukiwa nyumbani, unamwitaje?"

Akainamisha kichwa.

"Sema! Ama jina la baba yako ni safi, langu ndilo chafu?"

"Mama, usimjibu," Waweru akadakia.

Hapo ndipo alipokosea. Mama Waweru aliinuka polepole, akamgeukia.

"Baba," akamwita, kama anavyomwita siku zote, kwa sababu alimpa jina la baba yake mzazi. "Siku niliyokuzaa nililia kwa furaha, nikasema baba yangu amerudi. Leo unawaambia watu nilinyonyesha pepo? Mrudishie Debra mtoto wake."

Mtume aliwatazama waumini, akamtazama mama yake. Debra hakumngoja apate neno. Alimpokonya mtoto, akashuka jukwaani hadi niliposimama, Norman akimfuata nyuma ameinamisha uso.

"Mshike Wangui, Mama," Debra akasema.

Nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ananukia maziwa. Nililia mbele ya watu wote wale wala sikuona haya.

Norman akaniwekea mkono begani. Nikausukuma. Mwanangu, niliyemzaa kwa uchungu, alisimama pale mbele akingoja kusema amina nikifutwa duniani!

"Nisamehe, Mama," akasema.

"Mwombe Wangui msamaha."

Akanitazama, akamtazama binti yake. "Yupi?"

"Anza na huyu mdogo," nikamwambia. "Mimi bado nina hasira."