Nguzo ya Banda la Gari

Nyumba yetu ya Chang'ombe ina banda la gari ambalo gari halijawahi kuingia. Aliyelijenga aliona boriti ya paa inapinda, akasimamisha nguzo ya zege chini yake, si pembeni, katikati kabisa, akaondoka zake. Siku tunahamia nilimwambia mume wangu, "Huyu fundi alipima baiskeli." Silvano alicheka mpaka akaketi. Yeye ni seremala, gari hana wala haoti kuwa nalo, kwa hiyo banda akaligeuza karakana.

Ila nguzo aliichukia. Akigeuza ubao mrefu, unaigonga. Kabati likitolewa, linakwaruzwa. Kila nikimpelekea chai namkuta anaitukana, namwambia aitukane taratibu, kuna watoto wa watu nje.

Mwaka juzi akaanza kuigonga yeye mwenyewe. Bega la kulia leo, kesho bega hilohilo, siku nyingine paji la uso. Mimi nina mdomo, nikamcheka. "Baba Gladness, hiyo nguzo inakufuata au umeanza kunywa nisijue?" Hakucheka. Akaniambia haioni mpaka imgonge. Cha mbele yake anakiona vizuri, hata namba za futi anazisoma, lakini vya pembeni vimetoweka, kama anachungulia kwenye bomba.

Hospitali wakasema ni presha ya macho, tena ya siku nyingi. Daktari alikuwa binti mpole, akatueleza polepole kwamba kilichoondoka hakirudi, na matone ni ya kulinda kilichobaki, nacho si kingi. Njia nzima ya kurudi Silvano alisema neno moja tu: "Usimwambie mtu." Nani atampa kazi seremala asiyeona? Nikanyamaza. Hata binti yetu Gladness kule Mwanza hakuambiwa.

Nitasema ukweli, upofu wenyewe haukunitisha sana. Nina macho yangu, ningemwongoza. Kilichonitisha ni Silvano kukaa bila kazi. Wewe humjui yule mtu. Jumapili tukitoka ibadani anazunguka nyumba nzima akitafuta kitasa kilicholegea akikaze. Nyumbani kwao, kijijini Haneti, baba yake aliacha kulima kwa sababu ya mguu, na kabla ya masika kurudi walikuwa wamemzika. Hakuwa anaumwa chochote zaidi ya huo mguu. Nililijua hilo, na Silvano alilijua, na hatukulizungumza.

Basi asubuhi moja naingia na chai, namkuta ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Nikadhani ndiyo kuchanganyikiwa. "Hiki," akasema, "ndicho kitu pekee humu ndani kisichohama."

Akaanza kazi siku hiyohiyo. Kuitoboa zege hakutaka, maana ndiyo imebeba paa. Aliivisha mbao pande zote nne, akazikaza kwa mikanda ya mpira wa tairi. Mbao zenyewe zilikuwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu, mninga hapa, mkongo pale, hakuzipaka hata vanishi. Upande unaotazama mlango alitundika misumeno. Unaotazama benchi akauchonga matundu ya patasi, nyembamba kushoto, pana kulia. Upande wa ukutani nyundo na koleo. Upande wa nne akapanga makopo ya misumari, kila kopo na alama yake mdomoni ya kupapasa kwa kidole. Chini kabisa akaweka kirafu chenye ukingo, randa zikalala humo.

Kisha akajifunza kufanya kazi amefumba macho. Mimi nilikaa mlangoni kama mwalimu wa chekechea. "Patasi nyembamba!" Mkono unaenda, unarudi nayo. "Koleo!" Anazunguka, anayo. Na ajabu ni kwamba nguzo ilimwonyesha na njia. Akishika patasi anajua benchi liko mgongoni, akigusa msumeno anajua mlango uko mgongoni. Matusi yakaisha. Kuna asubuhi nilimsikia anaisalimia, haki ya Mungu, "Umeamkaje, mzee?" Nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikalia kidogo, halafu nikaendelea kuchambua mlenda.

Macho yaliendelea kwenda, kazi ikaendelea kuja. Akachagua zile za mkono kuliko za jicho: vigoda, fremu, miguu ya vitanda. Mbao napima mimi, anakata yeye. Wateja walikuwa wanaingia, wanabishana naye bei, wanatoka, hawajajua. Hata nilipoona sasa ananitambua kwa sauti tu, sikuogopa tena kama mwanzo. Nilijua akishapita mlango wa banda, yuko salama.

Ndipo mama yake akaugua. Tulimtoa Haneti tukamleta kwetu atibiwe, na kwetu ndiko alikofia. Unajua msiba ulivyo. Mtu akishafiwa nyumba si yake tena, ni ya watu, na wafiwa kazi yao ni kukaa na kupokea pole. Mimi nilikuwa ndani kwenye mkeka na kina mama, Silvano nje chini ya turubai na wanaume. Mwenyekiti wa kamati alikuwa jirani yetu Zablon, mtu wa watu, sauti kubwa, ambaye mtaa mzima hakuna kaburi lililochimbwa yeye hayupo. Alihangaika na sisi kama aliyefiwa ni yeye.

Ndugu wa Haneti walikuwa wengi, wakahitaji pa kulala. Kamati ikasafisha banda. Vyombo vya kazi vikashushwa vyote, vikatiwa kwenye viroba, vikafungwa kamba vizuri. Uani kina mama wanapika, sufuria kubwa tatu, na kuni zikaisha. Sasa mtaani kwetu kila mtu anajua kuni za haraka ziko wapi. Vipande vya kwa Silvano ni kuni, mimi mwenyewe nawagawia kila wiki. Na pale kwenye nguzo kulikuwa na nini, vyombo vikishashushwa? Vipande. Mbao za rangi tofauti, hazina vanishi, zimejaa matundu na misumari, zimefungwa mpira. Nani angejua?

Wakazibomoa, wakapikia. Na sisi tulikula ule wali, mwenzangu. Silvano alikula, nilimpelekea sahani mimi mwenyewe.

Tukamsafirisha mama, tukamzika Haneti, tukabaki huko mpaka msiba ulipomalizwa. Tuliporudi, Zablon na majirani walikuwa wanatusubiri. Akatupa pole upya, kisha akatupeleka bandani kwa furaha ya mtu aliyetenda jema. Pamefagiwa, pamenyunyiziwa maji, vumbi hakuna. Viroba vimepangwa ukutani. Nguzo iko tupu, wameiosha hadi inang'aa.

"Tumekusafishia, Baba Gladness," Zablon akasema. "Na kile kirundo cha vipande kwenye nguzo kilituokoa siku ile kuni zilipoisha. Lakini vyombo vyako vipo vyote, hata msumari haujapotea."

Loh! Damu ilinipanda. Nilitaka kumrarua yule mzee mbele za watu, na mdomo nilishaufungua. Silvano akanishika mkono. Mtu aliyekubebea jeneza la mama yako humfokei. "Asanteni sana, jirani," akasema. "Mmetusitiri."

Akaingia. Alitembea moja kwa moja, mkono mbele, mpaka akaifikia nguzo. Akaipapasa juu, akaipapasa chini mpaka sakafuni. Akazunguka. Akazunguka tena, viganja vikiteleza kwenye zege, vinatafuta pa kushika, hapana. Alipokuja kusimama alikuwa ametazama ukuta, na jua la mchana lote limempiga mgongoni kutoka mlangoni.

"Mama Gladness," akaniita, sauti tulivu kabisa. "Mlango uko upande gani?"

Zablon alinitazama, nami nikamtazama, sikumficha tena kitu. Akavua kofia. "Mungu wangu," akasema. "Tumefanya nini? Mbona hamkusema?" Akaanza kulia kwa ile sauti yake kubwa, na Silvano, aliyetoka kumzika mama yake, ndiye aliyenyoosha mkono hewani kumtafuta ambembeleze. "Usilie, Zablon. Ungejuaje?"

Siku zilizofuata mtaa mzima ulijua. Zablon alileta mbao mpya, nzuri, zilizonyooka, akazivisha nguzo kwa mikono yake, maskini, akihema. Kilichobaki ni kupanga. Nikafungua viroba, nikashika nyundo na misumari, nikamwambia mume wangu, "Haya, nielekeze. Misumeno ilikuwa wapi?"

Aliinua mkono. Ukasimama hewani, ukashuka kidogo, ukapanda tena. Akasogea hatua, akajaribu upande mwingine. Nilipigilia msumari alipoonyesha, akaupapasa, akatikisa kichwa. Nikaung'oa, nikapigilia mwingine. Tukaendelea hivyo mpaka ubao mpya ule ukajaa vidonda.

"Si kwamba nilikuwa nakumbuka," akasema mwishowe. "Mkono ulikuwa unavikuta pale vilipo, basi. Acha, mama. Ile misumari niliipigilia nikiwa naona."

Nikamwambia tutajaribu kesho. Niliweka nyundo chini, nikamshika mkono, nikamtoa nje, na njia nzima hakuniuliza tunaenda wapi.