Thelathini ya Orrin

Nimeambiwa nitulie na watu wengi tangu Jumamosi ile, na wote wamepoteza pumzi zao. Sijatulia, na sioni kwa nini nitulie.

Ndege tumeijenga sisi wawili, mimi na Wendell mume wangu, kwenye banda letu kando ya kiwanja cha ndege cha Dry Fork. Mbawa nimezipiga ribiti, vile vipini vya kushikiza mabati, mimi mwenyewe, na vidole vyangu hadi leo vina makovu. Injini aliifunga Wendell. Mkaguzi alikuja, akachungulia kila tundu, akatia saini, akala pai yangu ya cheri na kuondoka. Ilibaki kuruka tu, na tukapanga Jumamosi, majirani waje kutazama. Hapo ndipo Wendell alipompigia simu kaka yake Orrin, kwa sababu Wendell hawezi hata kukata nywele bila Orrin kujua.

Nisimwonee Orrin. Baba yao alikufa Wendell akiwa bado mdogo, na Orrin ndiye aliyemlisha, akamfundisha kuendesha trekta na kumpandisha ndege kwa mara ya kwanza. Hilo ni deni la heshima na mimi naliheshimu. Lakini Orrin ni mtu wa kusahihisha. Ukimpa kahawa anakusahihisha ulivyoishika birika. Kahamia Florida zamani, kando ya bahari, ana ndege yake ya kununua, na hajawahi kupiga ribiti hata moja. Alifika Alhamisi, na Alhamisi hiyohiyo nilipokwenda dukani akabaki bandani na Wendell.

Jumamosi asubuhi nilifika bandani na burito, chapati zangu za kukunjia mayai, zimefungwa kwenye karatasi ya fedha, Wendell akifuta kioo cha mbele. Niliwasha umeme wa ndege nione petroli iko kiasi gani. Jicho langu likaangukia kwenye namba ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Inasema thelathini na kidogo, na injini imezimwa.

Hapa kwetu hakuna thelathini. Injini ikiwa kimya, kinachopimwa ni hewa hii hii tunayoivuta, na huku juu kwenye nyanda za Colorado hewa ni nyembamba. Siku nzuri ni ishirini na tano. Mtu aliyekulia huku anajua hilo kama anavyojua kwamba maharage yetu yanachukua siku nzima kuiva. Namba hiyo kwenye ndege yetu si pambo. Kutoka kwenye bomba la hewa kuna kimrija chembamba cha mpira kinachopeleka presha kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayopima petroli ya kumwagia injini. Ukiidanganya kwamba hewa ni nyingi, inamwaga petroli isiyo na hewa ya kuichoma, na injini inaweza kupaliwa ikazima angani. Niliinama nikapitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Kikatoka cheusi tii, kimejaa masizi. Jumatano kilikuwa cha kijivu.

Nikamuuliza Wendell nani kaigusa. Aliendelea kufuta kioo. Akasema kaka aliirekebisha Alhamisi, akaongeza tano, ili ilingane na redio, kisha wakaiwasha kuijaribu.

Nilielewa palepale. Redio ya kiwanja inatangaza presha kila saa, lakini inaitangaza kana kwamba sote tuko usawa wa bahari, ili vipimo vya kimo vya ndege zote vikubaliane. Huko ufukweni kwa Orrin, namba ya redio na namba ya injini ni ileile. Kaja nayo huku kama alivyokuja na kandambili zake.

"Na wewe unajua hapa hakuna thelathini," nikamwambia.

"Najua."

"Ulijua tangu Alhamisi?"

"Twyla, Kaka anaondoka kesho. Akishaondoka nitairudisha."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza na leo je, utarukaje? Akasema atapanda polepole, ataangalia moshi, ikikohoa atageuza arudi. Kurudi wapi? Mbele ya njia yetu ya kurukia kuna nguzo za umeme na korongo. Sijawahi kumkasirikia mtu hivyo. Orrin alikuwa mjinga tu, hakujua. Huyu wangu alijua, na alikuwa tayari kuzikwa ili kaka yake asione haya.

Ningeweza kuirudisha mwenyewe, ni kubonyeza mara mbili tu. Lakini Orrin angechungulia kabla ya kuruka, angeona namba yake haipo, angeiweka tena, na Wendell angemwachia. Kwa hiyo nilisubiri watu waje.

Walikuja na viti vyao vya kukunja, majirani wote wa mabanda, Orrin katikati yao na kofia yake nyeupe akisalimia kama yeye ndiye mwenye sherehe. Nilimwambia mbele yao wote kwamba namba aliyoiweka si sahihi, na nikamweleza kwa nini. Alinishika bega. Jamani, alinishika bega. Akafungua redio yake ya mkononi, ikatangaza thelathini nukta moja, akanitazama kwa huruma.

"Unasikia, shemeji? Hiyo si mimi, hiyo ni serikali."

Wachache walicheka, wengine wakatazama viatu vyao. Wanajua wote, na hakuna aliyefungua mdomo kwa mgeni mwenye mvi. Wendell alikuwa kashashika mlango wa ndege.

"Sawa," nikasema. "Basi ruka nayo wewe."

Orrin akasema heshima ya safari ya kwanza ni ya mwenye ndege. Nikamwambia mwenye ndege ni mimi pia, na heshima hiyo nimempa yeye, aingie. Akasema goti lake linamsumbua. Nikamwambia goti hilo lilitembea vizuri sana kutoka kwenye gari. Nikamwonyesha kidole changu cheusi.

"Una uhakika na thelathini yako au huna?"

Alitazama kidole, akatazama bomba la moshi. Ana miaka mingi angani, masizi anayajua.

"Nina uhakika kiasi," akasema.

"Kiasi cha kumpandisha mdogo wako, si cha kupanda wewe."

Wendell alikuwa anamwangalia kaka yake, na sura yake sikuipenda, lakini sikurudi nyuma. Alisubiri Orrin aseme neno. Orrin alijifuta jasho chini ya kofia. Basi Wendell akaingia, akabonyeza mara mbili, na nikaiona namba ikishuka hadi ishirini na tano. Akafunga mlango bila kunitazama.

Iliwaka vizuri, moshi haukuonekana. Ilikimbia, ikainuka, ikapita juu ya nguzo na nafasi kubwa ikibaki, na watu wakainuka vitini mwao. Mimi nililia, nakiri. Ilipokuwa inazunguka juu ya korongo nilisikia gari la Orrin likiwashwa nyuma ya banda.

Wendell alitua, akazima, akashuka. Watu walimpiga mgongoni. Alipita katikati yao akanijia, nami nikafungua mikono kama mjinga.

"Kaka yuko wapi?"

Nikamwambia ameondoka.

"Umemwaibisha mbele ya watu," akasema. "Hakuwa na baba wa kumfundisha, na yeye ndiye aliyekuwa baba yangu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyapata, na wiki ya tatu hii inakwisha. Anaruka kila asubuhi upepo ukiwa umetulia. Anarudi na njaa, anakaa mezani akinipa mgongo, anakula kila nilichopika. Orrin hapokei simu. Watu wananiambia nitulie, nimwombe msamaha shemeji, nimwombe na mume. Sitaomba. Namtazama huyo mwanamume anavyotafuna, kichwa kigumu, shingo imebabuka kwa jua, na hasira inanipanda. Kisha namwongezea chakula.