Kura ya Mwisho ya Mpimaji

Kwa miaka kumi na moja, kikombe cha klabu kilijua nyumba mbili tu: kwa Mshonaji na kwa Mpimaji. Mpimaji alikuwa amekichukua mara sita, Mshonaji mara tano, na hiyo moja iliyopungua ilimsumbua mwanamke yule kuliko jino bovu.

Klabu ilikuwa na watu tisa, waliokutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu. Kamera zao zilikuwa na lenzi mbili. Kila mpigo ulitoa picha mbili, moja ya jicho la kushoto, moja ya jicho la kulia. Ukizipanga sambamba ndani ya kisanduku cha kutazamia, macho yanaziunganisha, na ghafla ngazi inakuwa ngazi kweli, mguu unataka kupanda.

Mpimaji alikuwa amestaafu kazi ya kupima viwanja. Mrefu, mwingi wa maneno. Alimwita Mshonaji dada, naye Mshonaji akamwita kaka, na mkewe akawa wifi. Undugu huo haukupunguza makali ya utani.

"Dada, hii ni picha au kiraka?"

"Wewe pima tu, kaka. Kikombe nimeshakitengea kabati."

Kwenye shindano la mwaka ule, Mpimaji alileta picha ya viti vitupu vya stesheni. Wa kwanza kuchungulia aliguna. Wa pili akaondoa uso haraka kama aliyepigwa kofi. Viti vya nyuma vilikuwa mbele, ukuta wa mwisho unakurukia puani, kichwa kinazunguka. Mpimaji alikuwa ameweka picha ya kushoto mahali pa ya kulia.

Mshonaji alicheka hadi akashika mbavu. "Kaka! Kosa hili hata mgeni wa jana hafanyi. Uzee umekubishia hodi!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mpimaji naye alicheka, lakini aliokota picha zake upesi na kuaga kabla ya chai. Mshonaji akashinda. Sasa walikuwa sita kwa sita.

Kesho yake alasiri alikibeba kikombe kikapuni, akaenda kumringia. Wifi alimkaribisha sebuleni, na Mpimaji, bila kinyongo, akachukua chupa ya chai kummiminia mgeni. Chai ilitua kwenye sinia, vidole viwili kando ya kikombe. Aliendelea kumimina mpaka ikamtiririkia mgeni gotini.

Wifi alileta kitambaa, akapangusa taratibu, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo.

"Jicho la kushoto," Mpimaji alisema hatimaye. "Miezi mitano sasa. Niliamka asubuhi moja likawa halipo. Daktari anasema halirudi."

"Mbona hukutuambia?"

"Ili mnipe kura za huruma?" Alitabasamu kidogo tu. "Kila picha sasa naiona bapa, dada. Zile za viti ziliniponyoka, zikachanganyika. Zamani ningezipanga kwa kutazama mara moja. Safari hii nilikisia."

Mshonaji alikisikia upya kicheko chake cha jana, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, kaka."

"Ulicheka vizuri. Ungenyamaza, ningeumia zaidi. Ila nakuonya: ukileta picha mbovu makusudi ili nishinde, usikanyage hapa tena."

Hakuleta picha mbovu. Mwaka mzima alihangaika, na shindano lilipofika alileta picha ya chumba chake cha kazi: nyuzi za kila rangi zimening'inia toka darini, moja nyuma ya nyingine, mpaka dirishani. Mpimaji hakushindana. Alikuja kupiga kura tu. Zamu yake ilipofika aliuegemeza uso kwenye kisanduku.

"Nieleze," alinong'ona. "Kipi kiko mbele?"

Mshonaji aliinama sikioni kwake. "Uzi mwekundu. Uko karibu kabisa na pua yako. Ukipuliza, utatikisika."

"Halafu?"

"Wa bluu, hatua moja nyuma yake. Katikati unaweza kupitisha mkono."

Aliendelea hivyo, uzi kwa uzi. Wenzao wakajifanya wanapanga viti. Mpimaji alipomaliza, aliandika alama tisa kati ya kumi kwenye karatasi.

"Tisa tu?" Mshonaji alijaribu kutania. "Umeninyima moja."

"Hiyo moja ningekupa kama ningeuona huo uzi, dada."

Mshonaji alishinda; sasa walikuwa saba kwa sita. Makofi yalikuwa mengi. Yeye alikuwa akitafuta leso.

Mwezi uliofuata wifi aliileta kamera ya mumewe, akaikabidhi klabu, akaondoka bila kukaa. Mpimaji hakurudi tena pale juu. Mshonaji alimtembelea kila alipopata nafasi, wakazungumza habari za magoti na za bati linalovuja. Picha hakuna aliyezitaja.

Wakati wa shindano jingine ulipokaribia, Mshonaji alimwomba katibu wa klabu alifute jina lake kwenye orodha ya washindani. Katibu alishangaa, akauliza kulikoni. Mshonaji akasema kazi za cherehani zimemzidi. Katibu akalikata jina, akafunga daftari.