Mkataba Uliosomwa Jikoni

Uvumi niliusikia bombani: eti mwanangu haruhusiwi kuimba. Nikaupuuza, ukanifuata mpaka kitandani. Nikamwendea chumbani. Gitaa lilikuwa uvunguni.

"Ni kweli?"

"Kweli, mama. Ule wimbo wangu wa kwanza ni wa kampuni ya muziki sasa. Nikiuimba hata harusini kwa dada, ni kesi."

"Si uliutunga hapa, mimi nikipiga pasi?"

"Nilitia sahihi."

"Ulisoma?"

"Kurasa zote zile, nimesimama, wenzangu wameachwa mlangoni? Walishanishikisha kalamu!"

Tangu hapo hakuimba wimbo wowote. Mtoto aliyeimba kabla hajatembea! Chakula akawa anakionja tu, nami roho juu.

Rafiki zake wawili hawakumtupa: mpiga ngoma, na binti wa kinanda tunayemwita Kifimbo kwa wembamba wake. Wakaja na magodoro, wakayasimamisha ukutani chumbani kwangu kuzuia kelele, wakazima friji isivume. Maziwa yakaharibika.

"Tunafungua lebo, kampuni yetu wenyewe ya muziki, mama. Tukirekodi, usikohoe."

"Nyumba yangu, kikohozi changu!"

Lakini mwanangu akagoma. "Sitii sahihi tena. Hata kwenu." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kifimbo akaandika mkataba, akaniletea jikoni. "Mama, wewe ndiye kipimo. Usipoelewa, tunauchana."

Mimi niliishia shule ya msingi. Nikasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "'Haki zote za kudumu' ndiyo nini?" Akauchana. Akaleta mwingine. "Na mwanangu akitaka kuondoka?" Akauchana tena. Mpiga ngoma akalalamika kwamba tutamaliza karatasi za mtaa mzima. Mwisho ukabaki ukurasa mmoja: wimbo ni wa aliyeutunga, lebo inauuza tu, ukichoka unaondoka na wimbo wako.

"Umeelewa, mama?" mwanangu akauliza.

"Hata paka kaelewa."

Akacheka. Akavuta kiti, akausoma mwenyewe, akatia sahihi, akaingia kwenye magodoro. Nikabaki jikoni, kitambaa mdomoni, kikohozi kikinikaba, nikimsikiliza.

Leo waimbaji wanatoka mbali kuja kwao, na lebo nyingine zimeiga ule ukurasa. Ila wimbo wake wa kwanza haukurudi. Nikipiga pasi huuanza, kisha hukumbuka ni wa kampuni, nikanyamaza. Ndiyo maana nawaandikia, wazazi na watoto. Epukeni:

Kutia sahihi umesimama.
Karatasi usiyoweza kumsomea mama yako akaelewa.
Anayekupa kalamu kabla ya kiti.
Neno "kudumu".
Kuingia peke yako, rafiki zako wakabaki mlangoni.